Nguo iliyolowa kwenye animesheni sio nguo kavu iliyoongezewa uzito

Hii dhana naikuta sana kwa wanaoanza 3D (animesheni ya kompyuta): eti nguo ikilowa we ongeza uzito, punguza kupepea, basi. Si kweli jamani. Uzito unaongezeka ndio, ila kinachofanya shati lionekane limelowa ni kunata. Maji yanabaki kati ya kitambaa na ngozi kama utando mwembamba, na mvutano wa uso wa maji (ile nguvu inayofanya tone lijikusanye) unavibana pamoja, ndo maana mgongoni shati linaganda halafu pembeni kunabaki vifuko vya hewa na mikunjo inayokataa kunyooka hata mtu akijigeuza. Ukiongeza uzito peke yake unapata turubai. Programu inatakiwa ihesabu huko kunata, na ihesabu sehemu kwa sehemu, maana kola inaweza kuwa chepechepe wakati pindo bado kavu.

Nyingine, eti maji yanashuka chini tu. Hebu chovya ncha ya kanga ya pamba kwenye beseni uiache inaning'inia, maji yatapanda yenyewe! Mianya kati ya nyuzi ndo inayanyonya. Mwanasayansi Washburn alitoa hesabu ya huko kunyonya 1921: ukiacha uzito wa maji pembeni, kufika mbali mara 2 kunataka muda mara 4. Kitambaa kikishashiba ndo maji yanajikusanya kwenye pindo na kudondoka.

Na rangi je? Watu wanatia giza kwenye picha ya kitambaa wanaona wamemaliza. Kipimo cha kupinda mwanga kwa hewa ni 1, maji 1.33, pamba kama 1.5, kwahiyo maji yakichukua nafasi ya hewa tofauti inapungua, mwanga hautawanyiki sana, unazama ndani zaidi na kumezwa zaidi. Ndo hiyohiyo inayofanya fulana nyeupe ikilowa ionyeshe mwili, na giza la kupaka halikupi hicho.

Halafu kuna wanaosema kompyuta za siku hizi zinahesabu kila unyuzi. Hapana. Watafiti wa michoro ya kompyuta Baraff na Witkin 1998 walionyesha jinsi programu inavyoweza kuruka vipande vikubwa vya muda kila inapohesabu mwendo wa nguo bila majibu kuvurugika, kazi kubwa sana ile, ila ni nguo kavu. Kwenye maji, watafiti wengine, Fei, Batty, Grinspun na Zheng, 2018 walikichukulia kitambaa kama kitu chenye vitundu kinachobeba maji ndani yake. Unyuzi mmoja wa pamba una unene wa mikroni 10 hadi 20 hivi, gauni zima huwezi kwenda mmojammoja, unahesabu wastani tu, yaani sehemu hii imeshiba kiasi gani na maji yanapenya kwa urahisi gani kwenda ya jirani.