Kwa nini kiraka cha lami kinang'oka masika moja tu

Kila lita ya petroli au dizeli Tanzania ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya TARURA, wakala wenye barabara za mitaani na vijijini. Wakala mwingine, TANROADS, wana barabara kuu na za mikoa. Shimo la mtaani kwako, basi, lina fungu lake. Mimi nataka tuangalie fedha hiyo ikishafika shimoni.

Kiraka cha mita 1 kwa 1.5, unene milimita 50, kinameza karibu kilo 180 za lami nzito (lami iliyochanganywa na kokoto) iliyoshindiliwa. Ukiona toroli moja imemwagwa na kusawazishwa kwa koleo, unene huo haupo, ingawa kwa mita za mraba malipo ni yale yale.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchora mstatili unaovuka shimo hadi kwenye lami nzima, kisha kukata kingo zisimame wima. Kingo nyembamba humeguka kwanza. Chimba mpaka tabaka gumu. Kokoto za msingi zikiwa zimelowa, zitoe, jaza kavu, shindilia. Fagia vumbi, paka emalsheni ya lami (lami iliyochanganywa na maji, ya kugandisha) chini na kwenye kingo, halafu subiri: inapakwa ikiwa kahawia, na lami ya moto haimwagwi mpaka iwe nyeusi. Hapa ndipo vibarua hukimbizwa, kwa sababu lori linapoa. Mchanganyiko ukishuka hadi nyuzi 80 hivi haushindiliki tena, na foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, haijali turubai lililofunika lami. Shindilia kutoka kingoni kuelekea katikati, kiraka kibaki juu kidogo, magari yatakimalizia.

Hata hivyo, kiraka kizuri kando ya mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki ni hela iliyotupwa. Maji yakisimama hupenya chini, msingi unalegea, kisha lori la mchanga linapita. Ukomo wa ekseli moja yenye tairi nne ni tani 10. Uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, kwa hiyo tani 12 huumiza barabara mara mbili, si asilimia 20 zaidi. Ningekuwa napanga mimi, uzibuaji wa mitaro na makalavati ungetangulia kiraka cha kwanza kwenye mkataba ule ule.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na miezi mikavu ya Dar ni Juni hadi Septemba. Zabuni ikitangazwa baada ya Julai, mkandarasi anaingia kazini na vuli. Ikichelewa zaidi, anaziba mashimo yenye maji mwezi Machi. Nyaraka ziandaliwe Aprili.

Kiraka kiking'oka ndani ya kipindi cha uangalizi, mkandarasi hukirudia kwa gharama yake. Ili abanwe, piga picha yenye tarehe, na namba ya nguzo ya umeme iliyo jirani ionekane.