Je, wajua kwanini muvi inatembea fresh kwenye simu ila gemu la kuletewa mtandaoni kama video linagoma?

Ushawahi kuuona ule mstari wa kijivu kwenye YouTube, unaotangulia mbele ya ule mwekundu? Pale simu inajiwekea akiba, inavuta dakika inayokuja kabla hujaifikia, kwahiyo mtandao ukiyumba kidogo wewe wala hujui, muvi inaendelea tu.

Gemu halina hiyo akiba, na shida yote iko hapo.

Kuna huu mtindo wa kucheza bila kununua PlayStation wala Xbox, yani gemu linakaa kwenye kompyuta kubwa huko mbali, seva, we unaletewa picha tu kama video, ukibonyeza padi amri inasafiri mpaka kwenye seva, seva inachora picha mpya, picha inarudi kwako. Xbox wanayo, Nvidia wana GeForce Now, Sony waliingia mapema kabisa, 2012 walinunua kampuni ya Gaikai kwa dola milioni 380. Ukisimuliwa ni tamu, kasimu kako ka bei chee kanacheza gemu la mashine ya maana.

Ila seva haiwezi kukuvutia ya mbele maana haijui utabonyeza nini. Utapiga shuti au utatoa pasi? Lazima ikusubiri.

Tupige hesabu. Gemu la picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa kama milisekunde 17. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, balaa, lakini tuseme we uko Dar, seva iko Ulaya na waya mpaka huko ni kilomita 8,000: kwenda milisekunde 40, kurudi 40, yani picha karibu tano zishapita na hapo sijahesabu seva kuchora, simu kuifungua hiyo video, wala foleni za mnarani. Hata uwe na 5G gani, mwanga hauongezwi spidi. Kipa kashadaka, we bado unaona mguu unanyanyuka.

Alafu bando sasa. Video ya megabiti 20 kwa sekunde, saa moja ni GB 9. Tisa! Free Fire haiumizi hivyo kwasababu simu inachora yenyewe, kinachosafiri ni taarifa ndogo tu, nani yuko wapi na kampiga nani.

Na sio swala la hela, maana Google wanazo. Walizindua Stadia, huduma yao ya mtindo huu huu, Novemba 2019 nchi 14, Afrika hata moja, Januari 2023 wakafunga. Watu walilalamika pia kununua gemu bei kamili alafu huna cha kushika mkononi, japo hela za magemu walirudishiwa, hapo niwe mkweli walijitahidi.

Kwa huku dawa ni seva kusogea karibu. Mikonga ya baharini tunayo, SEACOM tangu 2009, EASSy 2010, ila mkonga ni barabara tu, safari haifupishi. Microsoft walifungua vituo vyao vya data Johannesburg na Cape Town 2019, bado ni mbali na sisi. Na Mei 2024 mikonga ilipokatika, intaneti ya Tanzania ikabaki inakohoa tu. Kibanda cha PS hakiyajui hayo, gemu liko ndani ya mashine, mnabanana kwenye benchi moja, na kutoka kwenye padi mpaka kwenye "seva" ni mita mbili tatu.