Kadi ya bima ya Dubai haimtibu mtoto aliye Katuba

Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na mazoea ya kampuni: baba akipata kazi, nyumba nzima imepata daktari. Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, ilifanya hivyo, na Gécamines ya serikali iliyoirithi ikaendelea nayo, mke na watoto wakitibiwa hospitali ya kampuni pamoja na mfanyakazi. Hata leo sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002, kifungu cha 178, inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na ya familia yake. Ndugu zetu wakipanda ndege kwenda kutafuta maisha, mazoea hayo husafiri nao, na sisi tunaobaki tunayashikilia kuliko wao.

Dhana: Akishapata kazi Dubai, bima yake inatutunza wote.

Bima ya kule hufuata jina lililoandikwa kwenye kadi. Dubai, mwajiri anawajibika kwa mfanyakazi wake. Mke na watoto wanaoishi naye huko hulipiwa na yule aliyewadhamini viza, yaani mfanyakazi mwenyewe. Waliobaki Lubumbashi hawamo kabisa.

Mama mmoja jirani yetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, alipeleka mtoto mwenye malaria kali hospitali, usiku. Mume, aliye Dubai, akamtumia picha ya kadi kwa WhatsApp. Mhudumu wa dirisha la malipo akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaisoma, akamrudishia mama simu yake na kumwomba dola za kuanzia. Mama hakuwa ameweka hata franga moja pembeni, na kosa si lake: kila mtu alikuwa amemwambia kwamba mume ana bima. Mtoto alipona, lakini pesa ilikopwa kwa majirani usiku uleule. Kwa hiyo anayetuma pesa ya chakula atenge na ya hospitali, na waliobaki waambiwe wazi tangu siku ya kuagana.

Dhana: Bosi kukata bima kwenye mshahara ni kawaida.

Si kawaida, ni kosa. Sheria ya Dubai namba 11 ya mwaka 2013 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama ya bima. Tangu tarehe 1 Januari 2025 bima ni lazima katika emirati zote za Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai ni sehemu yake, hata kwa wafanyakazi wa nyumbani. Kifurushi cha msingi kilichowekwa kwa emirati za kaskazini ni dirhamu 320 kwa mwaka, kama dola 87. Dada zetu wanaokatwa pesa kila mwezi kwa jina la bima wanaibiwa, na wana haki ya kushtaki kwenye wizara ya kazi ya huko. Watunze mkataba na kila ushahidi wa mshahara.

Dhana: Ukionyesha kadi, hulipi kitu.

Katika kifurushi hichohicho cha dirhamu 320, aliyelazwa huchangia asilimia 20, isiyozidi dirhamu 500 kila anapolazwa na 1,000 kwa mwaka. Kwenye dawa mchango ni asilimia 30. Mwenye kisukari au presha aihesabu hiyo kabla ya kuahidi kiasi cha kutuma nyumbani.

Dhana: Ubelgiji matibabu ni bure.

Mfanyakazi hujiandikisha kwenye mutuelle, yaani mfuko wa bima ya afya, na mutuelle hubeba sehemu kubwa. Kinachobaki ni chake. Jambo wageni wengi wasiloambiwa ni hili: ukilazwa na kuomba chumba cha peke yako, madaktari wanaruhusiwa kukudai nyongeza, na fakture inaweza kupanda sana. Chumba cha kulala na wengine hakina nyongeza hiyo.

Dhana: Nenda na viza ya matembezi, bima itafuata.

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu wapo wanaoiuza hapa mjini pamoja na tiketi. Bima ya mwajiri imefungwa kwenye kibali cha kazi na cha ukaazi. Aliyeingia kama mtalii akawekwa kazini kimyakimya hana kadi ya mwajiri, na akianguka kwenye jengo, hospitali itamdai yeye. Kabla ya kumpa mtu pesa ya safari, omba kuona kibali cha kazi chenye jina lako na jina la mwajiri.