Ukimwita msimamizi, jua unamuuliza nini

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kile kiti kirefu cha mwamuzi wa tenisi kando ya neti, na hakuna swali ninaloulizwa zaidi na watazamaji kuliko hili: kwa nini mchezaji analalamika weee, msimamizi wa mashindano anaitwa uwanjani, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaondoka, na uamuzi unabaki ule ule? Kwa aliyeko jukwaani inaonekana waamuzi tunalindana. Hatulindani. Mara nyingi mchezaji ameuliza swali ambalo aliyeitwa hana ruhusa ya kulijibu.

Kanuni za tenisi zinayatenga mabishano kwa namna mbili. Kuna mambo ya kilichotokea: mpira uliingia au ulitoka, ulidunda mara moja au mbili, uligusa neti au haukugusa. Hapo neno la mwisho ni la mwamuzi wa kiti, na msimamizi hata kama alikuwa amesimama mlangoni akaona kwa macho yake, hawezi kulitengua. Halafu kuna mambo ya kanuni: tukikubaliana kilichotokea, je, nimetumia sheria inayostahili? Nimeamuru pointi irudiwe wakati nilipaswa kumpa mmoja wao? Hapo mchezaji ana haki kamili ya kuita msimamizi, naye anaweza kunigeuza mbele ya uwanja mzima. Imeshanikuta. Unafuta alama, unaandika upya, unatangaza, mchezo unaendelea.

Kwa hiyo mchezaji mjanja haji kwangu na "Ule mpira ulikuwa ndani!" Anakuja na "Umetumia kanuni gani?" Wa kwanza anapoteza pumzi. Wa pili ananifanya nifikiri upya.

Adhabu nazo zina hesabu yake, na wengi hawaijui mpaka iwafike. Kosa la kwanza la nidhamu ni onyo, la pili ni kupoteza pointi, la tatu ni kupoteza gemu zima (magemu ndiyo yanayojenga seti, na seti ndizo zinazoamua mechi), na baada ya hapo unaweza kutolewa mechini. Kosa kubwa mno halisubiri ngazi. Novak Djokovic alitolewa US Open ya 2020 bila onyo lolote, baada ya mpira alioupiga nyuma kwa hasira kumpata mwamuzi wa mstari kooni. Hakukusudia kumuumiza, lakini kanuni haiangalii nia peke yake.

John McEnroe naye hesabu ilimponza. Katika Australian Open ya 1990 alikuwa mbele kwa seti mbili kwa moja dhidi ya Mikael Pernfors. Alishapata onyo, akapoteza pointi kwa kuharibu raketi, kisha akamtukana msimamizi. Mwamuzi Gerry Armstrong akatangaza mechi imekwisha. McEnroe alidhani bado ana ngazi moja, ile ya kupoteza gemu, kumbe ilikuwa imeondolewa mwanzoni mwa mwaka huo. Ngazi hiyo ilirudishwa baadaye, lakini kwake ilikuwa imechelewa.

Serena Williams katika nusu fainali ya US Open 2009 ni darasa jingine. Alikuwa nyuma ya Kim Clijsters kwa seti moja, na ya pili ilikuwa 5-6, anapiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, akiwa nyuma 15-30. Mwamuzi wa mstari akaita kosa la mguu, yaani kukanyaga mstari wakati wa kupiga, kwenye sevu ya pili, ambayo ndiyo nafasi ya mwisho, ikawa 15-40. Serena akamwendea kwa maneno makali. Onyo alishalipata mapema kwa kuvunja raketi, kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kupoteza pointi, na pointi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mechi ilimalizwa na kauli ya mwamuzi, bila mpira kupigwa tena. Watu walisema mwamuzi kaua mechi. Mimi nasema ngazi ilikuwa pale pale tangu raketi ilipovunjika.

Fainali ya Serena ya US Open 2018 dhidi ya Naomi Osaka bado inanisumbua kidogo. Kocha wake alitoa ishara, Serena akavunja raketi, kisha akamwita mwamuzi Carlos Ramos mwizi: onyo, pointi, gemu. Kwa kanuni hakuruka hatua. Ila kuna ufundi ambao haumo kwenye kitabu. Wakati wa kubadilishana upande unaweza kumwambia mchezaji kwa sauti ya chini, "Hilo neno ukilirudia nitalazimika kuliandika." Mimi ningejaribu hivyo kwanza, lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa nyumbani, hujasikia sauti ya ule uwanja. Na kosa lililoanzisha yote, kocha kumwelekeza mchezaji kutoka jukwaani, sasa linaruhusiwa.

Wengi waliamini mashine itamaliza ugomvi. Robo fainali ya US Open 2004 kati ya Serena na Jennifer Capriati ilikuwa na makosa ya wazi kiasi kwamba teknolojia ya Hawk-Eye, kamera zinazofuatilia mpira ulipodunda, ikaharakishwa, na kuanzia 2006 wachezaji wakaruhusiwa kupinga uamuzi na kuonyeshwa picha. Wimbledon ya 2025 haikuwa na mwamuzi wa mstari hata mmoja. Na mwaka huo huo, Anastasia Pavlyuchenkova akicheza na Sonay Kartal, mfumo ulikuwa umezimwa kwa bahati mbaya upande mmoja wa uwanja. Mpira ukatoka, mashine ikanyamaza, mwamuzi akasimamisha mchezo na pointi ikarudiwa. Pavlyuchenkova alishinda mechi, lakini gemu lile alilipoteza na alilalamika kwamba ameibiwa.

Isitoshe, macho ya mashine yako kwenye mstari. Mpira uliodunda mara mbili mbele ya neti, au uliogusa fremu ya raketi, ni kazi nyingine. Kwenye mashindano ya Cincinnati, Marekani, 2024, Jack Draper alimshinda Félix Auger-Aliassime kwa mpira wa mwisho ambao marudio yalionyesha ulitoka kwenye fremu ukadunda upande wake mwenyewe kabla ya kuvuka neti. Mwamuzi hakuona hivyo, na mashindano yale hayakuwa na marudio ya video ya kumsaidia. Auger-Aliassime alimwita msimamizi. Swali lake lilikuwa la kilichotokea, kwa hiyo majibu unayajua.

Hapo anabaki mchezaji mwenyewe. Roma, 2005, Andy Roddick alikuwa na pointi tatu za kumaliza mechi dhidi ya Fernando Verdasco. Sevu ya pili ya Verdasco ikaitwa nje, mechi imekwisha. Roddick akaonyesha alama kwenye udongo: ilikuwa ndani. Akampa mwenzake pointi, na mwishowe akapoteza mechi.

Mimi nilipata upande wa pili wa hadithi hiyo, kwenye mashindano madogo yasiyo na kamera. Mpira mfupi mbele ya neti, kijana akauwahi kwa kunyoosha mkono, ukavuka. Mpinzani wake akasimama: "Umedunda mara mbili!" Mwili wa kijana ulikuwa umeniziba. Nikamtazama. Alikuwa ameinamia raketi yake, ananyoosha nyuzi zilizokuwa zimenyooka tayari. Nikasema mpira ulikuwa mzuri. Msimamizi akaitwa, akauliza, "Ni suala la kanuni?" Hapana. Akaondoka.

Kijana alishinda. Baada ya kumpa mkono mpinzani, alikuja kwangu, akanipa mkono akiwa anatazama begi lake, akasema kwa sauti ndogo, "Mwamuzi, ule ulidunda mara mbili." Kadi ya matokeo nilikuwa nimeshaisaini.