Kuadhimisha si kusherehekea

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili nilikuwa napiga pasi shati, redio iko dirishani, mtangazaji anasoma orodha yake ya kila siku: leo ni siku ya nini, nani alizaliwa, nini kilitokea miaka mingapi iliyopita. Sauti yake ilikuwa changamfu kama kawaida. Akasema dunia leo inasherehekea Siku ya Afya, kisha, bila kuvuta pumzi, kwamba inasherehekea pia siku ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ukafuata muziki. Nikaisimamisha pasi, nikabaki nimeishika.

Sina shaka kwamba hakukusudia ubaya. Kwenye karatasi yake mambo hayo yalikuwa mistari miwili inayofuatana, tarehe moja, na kitenzi kimoja kikabeba yote mawili. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, ndiyo maana siku ya afya iko hapo. Na tarehe 7 Aprili 1994 ndipo yalipoanza mauaji yaliyoendelea kwa takriban siku 100 na kuangamiza Watutsi kwa mamia ya maelfu. Umoja wa Mataifa umeitenga siku hiyo kuwa ya kutafakari. Wanyarwanda wenyewe huita Kwibuka, yaani kukumbuka. Hakuna hata mmoja wao anayesherehekea.

Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno, kwa watu wanaojua Kiswahili vizuri kabisa, hivyo naona afadhali nilieleze kwa kirefu mara moja.

Maana zenyewe ni fupi. Kuadhimisha ni kuipa siku au tendo heshima yake kwa sababu ya jambo zito lililotokea, au linalotakiwa lisisahaulike. Kusherehekea ni kulifurahia jambo jema pamoja na wenzako, waziwazi. Yapo mambo yanayostahili vyote viwili, na yapo yanayostahili kimoja tu.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana jibu liko ndani yake. Ondoa kiambishi cha mwisho kwenye "adhimisha" utabaki na "adhimu", kivumishi cha jambo kubwa, tukufu, lenye uzito. Kiswahili kina mtindo wa kuchukua sifa na kuifanya tendo: sahihi ikazaa sahihisha, rahisi ikazaa rahisisha, imara ikazaa imarisha. Kwa njia hiyohiyo adhimu ikazaa adhimisha. Anayesahihisha anakifanya kitu kiwe sahihi, na anayeadhimisha anakifanya kitu kiwe adhimu, au tuseme anakiri mbele ya watu kwamba ni adhimu. Furaha haimo popote kwenye mzizi huo. Imo heshima.

Ndugu zake wote wanashuhudia hivyo. Adhama ni utukufu. Taadhima ni ile tunayoiunganisha na heshima tunaposimama mbele ya mkubwa: kwa heshima na taadhima. Kadinali wa Kanisa Katoliki huitwa Mwadhama. Waislamu wanalijua jina la Mwenyezi Mungu, Al-Adhim, na hulitamka kila wanaporukuu. Katika Kiarabu, lilikotoka, herufi tatu zilezile za mzizi zinaunda pia neno la mfupa. Mimi hupenda kukumbuka hilo kila ninapolisikia neno maadhimisho, kwamba kuna kitu kigumu ndani yake kinachoushikilia mwili.

Sherehe imetoka kwingine. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufungua na kupanua, na ndiyo sababu kwa Kiswahili neno hilohilo lina kazi mbili ambazo kwa haraka hazionekani kuhusiana. Fungua kurasa za mwisho za diwani ya mashairi, utakuta sehemu iliyoandikwa SHEREHE, na humo hamna ngoma wala vinywaji. Ni orodha ya maneno magumu na maana zake. Anayeeleza neno analifungua. Na aliyefurahi, kifua chake kimefunguka. Kwa hiyo kusherehekea ni kukunjua moyo, na moyo haukunjuki kwa kila jambo.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi na asikilize lugha ya kanisani. Padri anaadhimisha Misa. Anaiadhimisha Jumapili ya Pasaka kanisa likiwa limejaa nyimbo, na anaiadhimisha siku ya mazishi, jeneza likiwa mbele ya altare na mama wa marehemu kwenye benchi la kwanza. Kitenzi hakibadiliki, kwa sababu kitendo ni kilekile: kulitukuza jambo. Jaribu kuweka "anasherehekea" kwenye ile Misa ya mazishi na masikio yako yenyewe yatakataa. Masikio hayohayo yangekataa asubuhi ile redioni, lau orodha isingekuwa inasomwa mbio.

Kuna kosa la pili, dogo kwa sura, ambalo kwangu linauma zaidi kwa sababu huandikwa kwa herufi kubwa. Nimewahi kusimama chini ya bango lililosomeka MAAZIMISHO YA SIKU YA KISWAHILI DUNIANI. Kwa Z. Siku ya Kiswahili! Nilitamani kuwe na ngazi.

Najua linakotoka. Wengi wetu ndimi zetu hazitofautishi dh na z, na mtu huandika anavyotamka. Zahabu, zambi, Ramazani: tunaelewana, hakuna anayepotea. Lakini zipo jozi ambazo herufi hiyo inabadilisha neno zima. Dhana ni wazo, zana ni chombo cha kazi. Na hapa ndipo penye jozi inayotuhusu, kwa sababu "azimia" nalo ni neno kamili, lenye ukoo wake. Kuazimia ni kukata shauri, kutia nia. Kinachotokana nalo ni azimio, kama Azimio la Arusha la 1967. Katika Kiarabu maneno haya mawili yana herufi tofauti kabisa na msomaji wake hawezi kuyachanganya. Dh yetu imebeba herufi tatu za Kiarabu kwa mpigo, ile ya dhahabu, ile ya Ramadhani na ile ya adhimu, lakini z ya azimio haimo katika hizo tatu. Maazimisho, kama lingekuwako, lingehusu kuwafanya watu wakate shauri.

Ajabu ni kwamba siku hizi za kimataifa huhitaji maneno yote mawili, kila moja mahali pake. Siku ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa haijitokezi tu kwenye kalenda. Kwa kawaida nchi moja au kadhaa huandika rasimu, wengine wakaiunga mkono, Baraza Kuu likaipitisha, mara nyingi bila hata kupiga kura. Waraka unaotoka hapo huitwa azimio. Slovenia ndiyo iliyoipigania Siku ya Nyuki Duniani, na azimio likapita Desemba 2017. Tarehe 20 Mei ikachaguliwa kwa heshima ya Anton Janša, mfugaji nyuki wa karne ya 18 aliyekuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa ufugaji nyuki wa kisasa. Mashirika ya Umoja huo nayo hutangaza siku zao. Mkutano Mkuu wa UNESCO uliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwezi Novemba 2021. Kwa hiyo kwanza watu huazimia, mara moja, ukumbini, kwa maandishi. Baadaye ndipo huadhimisha, mwaka hadi mwaka.

Nirudi kwenye furaha, maana sitaki nieleweke kwamba napinga shangwe. Zipo siku ambazo kusherehekea ndiko kunakozifaa. Mwaka 1988 mwanafizikia Larry Shaw, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho ya sayansi la Exploratorium huko San Francisco, aliwakusanya wenzake tarehe 14 Machi kwa ajili ya namba pai ya hisabati, inayoanza na 3.14, kwa kuwa Wamarekani huanza na mwezi wanapoandika tarehe, na siku hiyo husomeka 3.14. Walizunguka kwa duara, wakala pai za matunda. Hiyo ni sherehe, na ni nzuri. Miaka 31 baadaye UNESCO ikaitangaza tarehe hiyohiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Tarehe 19 Septemba nayo ina watu wanaoongea kama maharamia kutwa nzima, jambo lililoanzishwa na marafiki wawili wa Oregon mwaka 1995. Wanasherehekea, na sioni neno bora zaidi. Kusema "maadhimisho ya siku ya kuongea kama maharamia" ni kukosea kwa upande wa pili, kuipa siku uzito ambao hata waanzilishi wake hawakuudai.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, ni mfano wa siku inayobeba yote mawili. Wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd, Urusi, waliacha kazi wakaingia barabarani siku hiyo mwaka 1917, wakidai mkate, wakati kalenda yao ya zamani ikisoma 23 Februari. Siku saba baadaye mfalme wa Urusi alikuwa amejiuzulu. Ukimpelekea mtu maua na salamu za heri siku hiyo hujakosea, na ukisimama kimya kwa ajili ya wale waliopanga foleni ya mkate kwenye theluji hujakosea pia.

Lakini tarehe 24 Machi, tafadhali. Mwaka huu nilipokea ujumbe wenye picha ya maputo na maneno "Heri ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani". Aliyeutuma ni mtu mwema, anayewatumia wote aliowahifadhi kwenye simu salamu za kila siku yenye jina. Nilitaka kumjibu, nikaona maneno hayatatosha kwenye simu. Jioni ya 24 Machi 1882, Robert Koch, daktari wa Kijerumani, akiwa na miaka 38, alisimama mbele ya wanachama wa chama cha wanafiziolojia cha Berlin na kueleza kwamba ameipata bakteria inayosababisha kifua kikuu. Ugonjwa huo, kwa hesabu aliyoitaja, ulikuwa unaua mtu mmoja kati ya kila saba. Alikuwa amepanga hadubini zake na vioo vya sampuli mezani ili kila mtu ajionee mwenyewe. Alipomaliza, ukumbi ulikuwa kimya. Hawakupiga makofi. Waliinuka mmoja mmoja wakaenda kuinamia hadubini. Paul Ehrlich, mwanasayansi aliyekuwamo, aliikumbuka jioni hiyo maisha yake yote.

Watu wale walikuwa wameshuhudia ushindi mkubwa wa akili ya binadamu, na bado hawakushangilia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyezikwa kwa kikohozi kile, au ndivyo ninavyouelewa ukimya wao. Nao ugonjwa haujaisha. Bado unaua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka. Kuna mtu kwenye orodha ya simu ya yule ndugu ambaye huenda yuko kwenye dozi ya miezi sita hivi sasa, na salamu ya maputo imemfikia.

Neno sikukuu, ambalo nalo huchanganywa na haya, nitalipitia haraka. Ni siku iliyo kuu, inayokutoa kazini au inayokuita ibadani. Siku ya Jodari Duniani, tarehe 2 Mei, ina azimio lake la 2016 na ina sababu njema, kwani baadhi ya samaki hao wamevuliwa kupita kiasi. Sikukuu si jina lake. Na yale matukio ya "siku kama ya leo", kwamba fulani alizaliwa au meli fulani ilizama, hayahitaji kuadhimishwa wala kusherehekewa na mtu. Yanatosha kutajwa au kukumbukwa.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kama utakutana tena na mistari ile miwili: "Leo ni Siku ya Afya Duniani." Nukta. Subiri kidogo. "Leo pia dunia inawakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994." Ukipenda kusema "inaadhimisha kumbukumbu yao", sema, neno linaruhusu. Na muziki wa baada ya hapo uchague mwingine.