Tundu la kiwambo cha sikio: lipi huzibwa kliniki, na kwa nini wengine huambiwa wasubiri

Kliniki yetu inazidi kupokea malalamiko ya aina moja: mgonjwa amesikia kwamba kiwambo (ngoma ya sikio) kilichotoboka huzibwa kwa muda mfupi akiwa ameketi, amekuja, kisha amerudishwa nyumbani bila kuzibwa. Hakunyimwa huduma. Mara nyingi sikio lake lilikuwa bado linatoa usaha, na juu ya sikio linalotoa usaha hatubandiki kitu.

Tundu lililotokana na kofi au kijiti cha kusafishia masikio kwa kawaida hujifunga lenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi 3. Kwa hiyo kusubiri nako ni tiba. Unapooga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando; usiogelee, usipenge kamasi kwa nguvu. Na tunaomba kwa mara nyingine: msidondoshee mafuta wala maji ya kitunguu. Hata matone ya dukani yenye gentamaisini au neomaisini yanaweza kudhuru sikio la ndani yakipenya tunduni.

Lisipofunga, mara nyingi ni kwa sababu ngozi ya nje imeota ikajikunja ukingoni na kukutana na utando wa ndani, mwili ukahesabu kazi imekwisha. Hapo ndipo tunapoingia. Kwanza usikivu unapimwa na majibu yanawekwa kwenye faili, bila hivyo hatuanzi, kisha unasaini ridhaa. Chini ya hadubini, baada ya ganzi, ukingo hukwanguliwa kwa sindano iliyopinda, au huguswa kwa asidi ya trikloroasetiki mpaka uwe mweupe. Juu yake huwekwa kiraka cha karatasi nyembamba, njia iliyoelezwa na daktari wa masikio Clarence Blake wa Boston mwaka 1887. Karatasi yenyewe haiponyi. Ngozi mpya hutambaa juu yake, na baadaye kiraka hutoka. Kazi hii huweza kurudiwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo asiyefika tarehe ya marudio anajirudisha nyuma mwenyewe.

Njia nyingine ni kuchukua kipande cha mafuta kwenye ndewe (nyama laini ya chini ya sikio), kikubwa kuliko tundu, na kukipenyeza nusu ndani nusu nje kama kizibo. Japani iliidhinisha mwaka 2019 dawa ya trafemini, ambayo hulowekwa kwenye sponji ya jelatini na kuchochea tishu ikue.

Haya yote yanafaa tundu dogo la katikati, kwenye sikio kavu. Tundu kubwa mara nyingi huhitaji upasuaji. Tundu la pembeni kabisa au la juu ni jambo jingine, kwa sababu huenda nyuma yake kuna kolestiatoma, yaani uvimbe wa ngozi iliyoota ndani ya sikio, na kulifunika tundu hilo ni kufungia ugonjwa ndani.

Ukipata kizunguzungu kikali, uso ukalegea upande mmoja, au usikivu ukapotea ghafla baada ya kuumia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo.