Geji ya Mafuta Ikidanganya, Usikimbilie Kununua Nyingine

Mwalimu alifika gerejini kwangu Kariobangi, Nairobi, akiwa ameshika usukani wa gari lililokuwa likivutwa kwa kamba. Ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, ya kijani kilichopauka, aliyoinunua enzi akifundisha jiografia. Lilikuwa limemzimikia pale Museum Hill saa mbili asubuhi, foleni imejaa kutoka Uhuru Highway, matatu zinampigia honi mgongoni. Mshale wa geji ulikuwa bado haujashuka hadi E, alama ya tangi tupu. Kwenye tangi hapakuwa na petroli hata ya kulowesha kidole.

"Fundi, hili gari limenifanya mwongo," akaniambia. "Nilimhakikishia mama watoto mafuta yapo."

Kilichonisikitisha zaidi ni pesa alizokuwa ameshatumia. Fundi wa kwanza alimwambia geji imekufa, akanunua nyingine Kirinyaga Road. Ikasoma vilevile. Kisha mshale wa joto nao ukaanza kupanda karibu na alama nyekundu, akabadilishiwa thamostati, akasafishiwa rejeta. Mshale haukushuka. Mwalimu akawa anaendesha kwa hofu mbili: injini itachemka au mafuta yataisha. Injini haikuchemka hata siku moja.

Mtu yeyote aliyezoea magari ya Kiingereza ya miaka hiyo angesimama hapo hapo na kuuliza: kwa nini geji mbili zimeharibika pamoja?

Ili swali hilo liwe na maana, inabidi ujue kilichomo ndani ya geji. Geji ya aina hii huendeshwa na joto. Ndani kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizobanwa pamoja, kimezungushiwa waya mwembamba kama unywele. Umeme ukipita kwenye waya huo, kipande kinapata joto, na kwa kuwa metali hizo mbili hazitanuki sawasawa, kinapinda na kuusukuma mshale. Ndiyo maana ukiwasha swichi mshale hupanda polepole, kama mtu anayeamka usingizini, na huchukua karibu nusu dakika kutulia. Wapo wanaoniletea gari kwa sababu hiyo tu. Hiyo si kasoro. Ilikusudiwa hivyo, ili mshale usichezecheze mafuta yanapopigwapigwa kwenye barabara mbovu.

Anayeamua umeme upite kiasi gani ni senda, kifaa kilichozama ndani ya tangi. Ina boya kwenye mkono, na mkono huo unakokota kidole cha shaba juu ya waya wa ukinzani. Tangi likiwa tupu, senda za kampuni ya Smiths za magari haya husoma karibu omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani). Likijaa, karibu omu 20. Ukinzani ukipungua umeme unaongezeka, na mshale unapanda. Kutoka kwenye senda umeme lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni bati la tangi lenyewe, kisha chesisi. Shika neno hilo, njia ya kurudi, maana ndilo lililomtesa Mwalimu mara mbili.

Sasa, kwa kuwa geji inaendeshwa na joto, volti zikibadilika inapotoka. Betri ya volti 12 hufika karibu 14 injini ikiunguruma. Kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna kikopo kidogo cha bati, kinachokaribia ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, tunachokiita stabilaiza. Kazi yake ni kuzipa geji zote mbili, ya mafuta na ya joto, wastani wa volti 10. Hufanya hivyo kwa kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, kwa kipande kingine cha metali mbili kinachopata joto na kuachana na mguso wake. Lakini ili kipate joto, bati la kikopo lazima liwe limeunganishwa na ardhi ya gari, yaani bodi na chesisi. Mguso huo ukikosekana hakipati joto, hakiachani, na volti zote za betri zinapita moja kwa moja.

Ndiyo sababu mimi humuuliza kwanza shahidi, yaani mshale wa joto. Kama zote mbili zinasoma juu kupita kiasi, au zote mbili chini, usiguse geji wala tangi. Nenda kwenye stabilaiza. Kama ni ya mafuta peke yake, kosa liko kati ya geji hiyo na tangi.

Nilichomoa nati za paneli ya geji za gari la Mwalimu nikaivuta mbele. Stabilaiza ilikuwa imening'inia kwa skrubu moja, na chini ya skrubu hiyo kulikuwa na ukoko wa kijani, kama ule unaouona kwenye sarafu ya zamani iliyookotwa udongoni. Niliweka taa ya kupimia kwenye upande wa kutokea, ule wenye herufi I. Stabilaiza nzima huifanya taa ipepese baada ya muda mfupi. Hii iliwaka tu, mfululizo, bila kukonyeza. Nikagusisha bati lake na chesisi kwa kipande cha waya, na baada ya sekunde chache taa ikaanza: waka, zima, waka, zima. Mwalimu alikuwa ameinama begani kwangu. Hakusema kitu, lakini nilisikia pumzi yake.

Ukitumia mita ya kidijitali hapo, usishangae tarakimu zikiruka kutoka sifuri hadi 12 na kurudi. Haijaharibika. Taa, au mita ya zamani ya mshale, inafaa zaidi kwa kazi hii.

Nilikwangua ukoko, nikafunga waya mpya mfupi kutoka kwenye skrubu ile hadi kwenye bodi. Kama stabilaiza yenyewe ingekuwa imekufa, kuna njia nzuri: rigyuleta ya miguu mitatu yenye nambari 7810, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, inaingia ndani ya kikopo kilekile na kutoa volti 10 tulivu. Onyo moja: hiyo ni kwa magari ambayo upande hasi wa betri ndio umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60 yalifungwa kinyume, upande chanya kwenye bodi, na ukiiweka humo bila kufikiri utaiunguza.

Tukamwaga petroli hadi tangi likafurika shingoni. Mshale wa joto ukatulia katikati, pale unapopaswa kukaa. Wa mafuta ukapanda, ukapita nusu kidogo, ukasimama.

"Sasa umeiharibu zaidi," Mwalimu akasema kwa upole, kama anayemsahihishia mwanafunzi. "Zamani nikijaza ilikuwa inakaribia F."

Nilimwelewa. Hili ndilo gumu la magari ya zamani: makosa mawili yanaweza kufichana. Volti zilizozidi zilikuwa zikiusukuma mshale juu, na kitu kingine kilikuwa kikiuvuta chini. Tangi lilipojaa, vyote viwili vilikaribia kulingana, na geji ikaonekana nzima. Nilipoondoa kosa la kwanza, la pili likabaki peke yake, wazi.

Kabla ya kufika kwenye tangi nililisafisha jina la geji. Naomba fundi mwenzangu anayesoma hapa afanye hivi kila mara. Nilichomoa waya wa senda nyuma ya geji, mahali pake nikaweka kizuizi, kile kipande kidogo chenye ukinzani maalumu, cha omu 22, kilichofungwa kwenye bodi. Mshale ukaenda F. Nikaweka cha omu 68, ukakaa karibu na nusu. Cha 240, ukashuka E. Vizuizi hivyo, vya wati moja kila kimoja, ni vya bei ndogo sana, na vinakwambia ukweli wa geji bila kufungua tangi. Nasisitiza kufanya jaribio hili kwenye dashibodi, mbali na petroli. Wengi hugusisha waya wa senda kwenye bodi pale pale juu ya tangi kuona kama mshale utapanda, na cheche moja juu ya mvuke wa petroli inatosha kumaliza gari na mtu. Halafu ukiuacha waya huo umegusa bodi muda mrefu unaweza kuunguza geji yenyewe.

Basi, geji ya Mwalimu ilikuwa nzima. Ile ya kwanza, aliyoitoa, ilikuwa nzima pia. Alikuwa ameihifadhi kwenye gazeti, nikaipima mbele yake.

Kwenye Land Rover fupi tangi liko chini ya kiti cha dereva. Unanyanyua mto wa kiti, unafungua kifuniko, na senda iko hapo juu ya tangi. Nilichomoa betri, nikaondoa waya wa senda, nikapima kati ya bati la senda na chesisi. Mita ikasema omu 40. Hapo ilipaswa kuwa chini ya omu moja. Piga hesabu: tangi limejaa, senda inatoa 20, njia mbovu ya kurudi inaongeza 40, geji inaona 60. Na 60 kwa geji hii ni nusu tangi na kidogo. Mshale haukuwa umedanganya hata chembe, ulisema ulichoambiwa.

Tangi hilo lilikuwa limepakwa rangi nzito ya kuzuia kutu miaka iliyopita, kazi nzuri, lakini rangi iliingia hadi kwenye vishikio vya tangi, ikaziba njia ya umeme. Nilipiga msasa sehemu ndogo kwa mkono, si kwa mashine, nikafunga waya kutoka skrubu ya senda hadi chesisi, nikapaka grisi juu. Omu 40 zikawa sehemu ndogo ya moja.

Kama njia ya kurudi ingekuwa safi, hatua iliyofuata ingekuwa kuitoa senda. Wiki chache kabla, nilipokea pikapu ya shamba kutoka Kiambu ambayo geji yake haikuwahi kupita robo. Nilipotoa senda nikalitikisa boya la shaba sikioni, likalia chwa, chwa. Petroli ilikuwa imeingia. Boya kama hilo ukilizamisha kwenye maji ya moto, mbali na jiko, tundu linajionyesha kwa kutoa viputo. Usilipeleke kwenye chombo cha kulehemu likiwa na petroli ndani. Toboa tundu la pili, limwage, liache juani hadi harufu iishe kabisa, ndipo uzibe yote mawili. Na kama mshale huanguka ghafla mahali fulani kisha kurudi, waya wa ukinzani umelika pale kidole kinapopita mara nyingi. Hapo ndipo ninapokubali kununua senda. Hakikisha ni ya tangi lako, kwa sababu ya Land Rover ndefu yenye tangi la nyuma ina mkono wa umbo lingine na itasoma uongo hata ikiwa mpya kabisa.

Nambari hizi zote zisihamishwe kwenye gari lolote tu. Kama ukiwasha swichi mshale unaruka papo hapo, una geji ya sumaku ya kizazi cha nyuma, isiyo na stabilaiza, na kwa zile za Smiths mambo yake ni kinyume: ukinzani mdogo ndio utupu. Volkswagen Beetle ya kati ya 1962 na 1967 geji yake ya mafuta haitumii umeme kabisa, inavutwa na kebo. Peugeot 504 nayo ina vipimo vyake.

Tulimaliza jioni kwa kulimwaga tangi lote kwenye jerikeni, gari likiwa mahali tambarare, kisha kurudisha lita tano tano huku Mwalimu akichovya kijiti cha mbao na kukikata alama kwa kisu. Kila alama aliiandikia nambari kwa ule mwandiko wa ubaoni. Tangi hilo hubeba lita 45. Mshale ulipogusa E, kijiti kilionyesha bado lita sita. Akaandika 6 kwa chaki ndani ya kifuniko cha chini ya kiti, akaizungushia duara, akampigia mama watoto simu.